Uliye mbali na upeo wa macho yangu

Keko, Dar es Salaam
Jumapili, usiku

Ndugu yangu Kibwana,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona? Neno kwa neno, kama alivyotukaririsha mwalimu wa darasa la tano, kiboko kipo mezani. Ila nilipofika hapo kwenye "upeo wa macho" kalamu ikasimama yenyewe, maana jambo hilohilo linaninyima usingizi wiki ya sita sasa. Tutafika.

Najua nimenyamaza. Tangu harusi ya mtoto wa Chuma sijakupigia, na ile elfu arobaini yako naikumbuka kuliko unavyodhani. Siyo sababu ya kunyamaza. Haya, ni sababu kidogo. Itakuja, inshallah. Leo nina shida nyingine, na hii haitaki hela, inataka macho yako.

Mama Zai amepasuliwa jicho. Mtoto wa jicho, upande wa kulia. La kushoto wamempangia mwezi ujao. Zai amemchukua kwake Mbagala, chumba cha uani, kitanda kinatazama ukuta mtupu. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anaangalia mikono yake, anaigeuza, anaigeuza tena, ananiambia, "Mussa, kumbe nimezeeka hivi na hamkuniambia." Tukacheka mpaka wajukuu wakaja kuchungulia. Halafu akanyamaza kidogo, akasema hamu yake sasa ni kuiona milima ya kwao, na miguu ndiyo hiyo, hata mpaka barabarani haimfikishi. Nami kwa mdomo wangu huu usio na breki nikamwambia, mama, nitakuchorea Uluguru uitundike hapo ukutani. Wali wote ule aliotulisha, Kibwana, na wewe ukirudia sahani mbili, mtu unajibu nini kingine?

Sasa shida ni kwamba mimi ni mtu wa mabango. Miaka ishirini na mbili. Kinyozi, genge, "Hapa tunachaji simu", yule kuku mwekundu wa kibanda cha chipsi ambaye wewe ulisema anafanana na shemeji. Bango kazi yake ni kumfuata mtu barabarani na kumshika shati. Nyekundu juu ya njano, ukingo mweusi pembeni, kila kitu kije mbele. Hajatokea mteja hata mmoja akaniambia, fundi, hebu hizi chipsi zirudishe nyuma kidogo.

Nikasema hii nitaichora kwa rangi za maji, kama zile picha za kalenda. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikaomba rangi za maji, kijana akaniuliza, "Ya ndani au ya nje? Galoni au ndoo?" Fundi rangi mzima nikabaki nimeduwaa. Mwishowe nikazipata kwenye duka la vitabu mjini, kisanduku cha vidonge kumi na viwili kama dozi ya malaria. Karatasi ya kwanza nikatumia ya fotokopi, ikipata maji inajikunja kama papadi kwenye mafuta. Binti yangu ndiye aliyeniambia inatakiwa ile nzito, ya gramu 300, inayoshikika kama kadi ya harusi. Bei yake sikuambii, utaanza kuniuliza habari za elfu arobaini.

Picha ya kwanza niliichora kutoka kwenye ile uliyonitumia Idi, umesimama getini kwako na mlima nyuma yako. Kwanza nikulaumu: tumbo lako limeziba nusu ya Lupanga. Mlima wenye mita 2,138, umeuziba kwa tumbo. Nikajazia kwa kukisia. Mbingu bluu, mlima kijani kibichi, maana najua kule juu ni msitu, na vivuli nikavikoleza kwa nyeusi ili vionekane. Miti nikaipanda mmoja mmoja. Kazi ya siku tatu. Nikaiviringisha, nikapanda daladala mpaka Mbagala, nikaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi.

Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Nzuri. Mkono wako ni mzuri tangu zamani. Lakini mwanangu, huu mlima umeniangukia kitandani."

Nikajitetea kwamba labda ni mwanga. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuuelekea ukuta kana kwamba hakuna ukuta, akasema, "Mlima wa kwetu uko kuuule." Unajua anavyoivuta. Hiyo "kuuule" nilirudi nayo Keko nikiwa nimening'inia mlangoni, na ilikuwa inanigonga kichwani kuliko honi.

Ikanikaa siku kadhaa. Halafu asubuhi moja nimetoka Kigamboni kuandika jina la duka, nimeshuka kwenye pantoni, nikatembea mpaka ufukweni kule mbele ya Feri nipate upepo. Nje baharini zimetia nanga meli tatu zinasubiri zamu. Ya karibu, chini yake nyekundu, kutu imeteremka ubavuni kama machozi, kamba zinaonekana, dirisha moja moja unalihesabu. Ya pili na yenyewe chini ni nyekundu, lakini nyekundu imekuwa kama udongo uliolowa, na madirisha yameungana. Ya tatu haina nyekundu. Haina dirisha. Kama mtu amechovya kidole kwenye maji ya bluu akaigusa mbingu mara moja. Na nakuhakikishia ukipanda mtumbwi ukaifuata, utakuta chini ni nyekundu vilevile.

Nilikaa pale mpaka muuza kahawa akadhani nimefiwa. Kwa hiyo hewa nayo inapaka rangi! Kati yangu na ile meli kuna mvuke wa bahari, vumbi, moshi wa Kurasini, na hewa yenyewe. Mwanga wa jua ukipita humo unatawanyika, bluu ndiyo inatawanyika zaidi, inakuja kulala juu ya kila kitu kama chandarua. Kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo vyandarua vinavyozidi. Cha kwanza kupotea ni weusi. Weusi wa mbali hauwi mweusi, unakuwa bluu ya kijivu. Na mimi nilikuwa nimeupaka mlima wa mbali nyeusi ya bango! Lazima umwangukie mama wa watu.

Usiku binti yangu akanitafutia kwenye simu, akakuta Leonardo da Vinci, yule Mwitaliano aliyefariki 1519, alishayaandika hayo: kitu ukitaka kionekane kiko mbali mara tano zaidi, kipake bluu mara tano zaidi. Miaka 500 na ushee, mimi naenda kuyagundua Feri na kikombe cha kahawa chungu mkononi.

Nilimweleza Beka, akanicheka. Beka bado anachora tingatinga, kwa ileile rangi ya mafuta, kwenye hadibodi. Akasema, "Chui wetu hana mbali, bwana. Chui ni chui." Na ana haki. Mzee Tingatinga mwenyewe alianza na hadibodi na rangi ya baiskeli, mnyama katikati, nyuma rangi moja tupu, na chui asiye na mbali anatisha kweli, yuko hapahapa na wewe. Lakini Mama Zai hakuomba chui. Aliomba kule.

Basi nikaanza upya, na hapa nikueleze vizuri maana ndipo palipo na utamu. Rangi za maji zinakwenda kinyume na bango. Kwenye bango ukikosea unafunika na nyeupe, unaanza tena. Huku nyeupe haipo, nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika imekwenda. Kwa hiyo unaanza na kilicho mbali kabisa na chepesi kabisa, unakuja mbele polepole, unakoleza. Mbingu naichora karatasi ikiwa imelowa, rangi inatembea yenyewe, haina ukingo. Safu ya nyuma naipaka karatasi ikiwa bado ina unyevu kidogo, ukingo wake unalegea kama wa kitambaa kilichochakaa. Safu inayofuata nangoja karatasi ikauke, ukingo unakuwa mkali zaidi. Nikifika kwenye migomba ya mbele, brashi karibu kavu, naikwaruza, jani linachanika chanika kama jani la mgomba kweli.

Na kuna kimoja nilichokipata kwa bahati. Safu moja ya mlima siipaki yote rangi moja. Mgongoni juu nakoleza, halafu kabla haijakauka naosha brashi, nachukua maji matupu, nayavuta kuelekea chini mpaka miguu ya mlima inayeyuka. Ikikauka, nachora safu ya mbele yake, mgongo wake uliokolea unakutana na miguu myeupe ya ile ya nyuma. Hapo katikati, ndugu yangu, hakuna nilichochora, lakini kuna bonde. Kuna ukungu. Unaweza kupotea mle na mbuzi wako. Nilipoiona mara ya kwanza niliita nyumba nzima, mke wangu akaja na mwiko, akaangalia, akasema, "Mbona hapo hujamalizia?"

Nimesoma pia kwamba Wachina walishamaliza hilo zamani, ingawa wao ni wino na hariri. Guo Xi, ana picha ya mwaka 1072 inayoitwa Machipuko ya Mapema, yeye alifundisha kwamba mlima ukiuonyesha wote hauwi mrefu, ufunge ukungu kiunoni ndipo upande. Si ndivyo Lupanga inavyofanya yenyewe asubuhi za masika? Inavaa khanga kiunoni, kichwa kinatokea juu peke yake.

Usidhani ilikwenda vizuri. Mvua za hapa unazijua, hewa imelowa, karatasi haikauki. Unangoja nusu saa, saa nzima, unagusa, bado. Nikasogeza feni, rangi ikasukumwa upande mmoja. Nikaipeleka juani, ikakauka kabla sijavuta maji, ikabaki na mstari kama wa jasho kwenye kofia. Siku nyingine mbingu imenitokea vizuri ajabu, imekauka nusu, nimeinama kuiangalia kwa karibu, tone la jasho likatoka kwenye paji la uso, twa, katikati ya mbingu. Kumbe tone la maji likiangukia rangi iliyokauka nusu linaisukuma rangi pembeni, linafanya kama ua la koliflawa. Koliflawa mbinguni juu ya Morogoro. Nilikaa nikaiangalia tu. Tena rangi hizi zikiwa mbichi zimekolea, zikikauka zinapauka, kwa hiyo unachokiona siyo utakachokipata, inabidi ukisie. Bluu nayo nimeacha ile ya anga, natumia altramarini, jina lake maana yake ng'ambo ya bahari, kwa sababu zamani jiwe lake lilikuwa likitoka Afghanistan kwenda Ulaya. Ukiichanganya na ile kahawia ya matofali inatoa kijivu kama moshi wa kuni kwa mbali. Hicho kijivu ndicho kinachofanya kazi yote.

Picha ya nne ndiyo nikaipeleka Mbagala. Sasa sikia.

Mama Zai akaitazama, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Akasema, "Kwa hili, bluu. Mlima uko kule." Moyo wangu ukatulia. Akahamisha kiganja, akafunika la kulia, lile lililopasuliwa, akatazama na la zamani. "Kwa hili ni chai ya maziwa. Mlima umerudi." Akawa anafanya hivyo, kule, hapa, kule, hapa, anacheka kama mtoto. Ile lenzi ya jicho iliyoingia ukungu inageuka njano, mpaka kahawia, na rangi inayoibiwa kwanza ni bluu. Miaka yote hii alikuwa anautazama ulimwengu kupitia kikombe cha chai. Mbali yangu yote nilikuwa nimeijenga kwa bluu, ikaibiwa mbele ya macho yangu.

Nikamuuliza, kwa hilo la zamani umerudi mpaka kitandani? Akasema hapana, umerudi mpaka kwenye migomba, hauwezi kupita kwa kuwa migomba imeuzuia. Nimelala na jibu hilo. Rangi ilipokufa, kilichobaki kinafanya kazi ni maumbo: migomba imeziba mguu wa mlima, njia inayoanza pana hapa chini inakwenda inasinyaa, mgomba mmoja mkubwa na mwingine mdogo kama kiberiti. Kinachoziba kiko mbele ya kinachozibwa, hilo hata mwenye jicho la chai analiona. Hata tumbo lako kwenye ile picha ya Idi lilikuwa linasema kweli.

Nikajiona nimemaliza. Halafu akafungua macho yote mawili, akasema taratibu, kwa adabu zake zile, "Lakini hii siyo Uluguru, Mussa. Ni mlima wa watu wengine."

Kwa sababu nimezibuni, Kibwana. Safu zote nimezibuni. Sijui ipi iko mbele ya ipi. Nilipokuja kwenu mara ya mwisho nilikuwa naangalia nyama choma.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ndani ya bahasha kuna kikaratasi chembamba, nimekipaka bluu tano, kutoka iliyokolea mpaka ile karibu sawa na karatasi, nimeziandika namba 1 hadi 5. Amka saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapanda na vumbi la barabarani halijaamka. Simama pale pale getini. Nyoosha mkono, kishike kikaratasi sambamba na mlima, funga jicho moja, halafu niandikie tu: safu ya mbele namba ngapi, ya nyuma yake ngapi, ya mwisho ngapi. Kama kuna inayolingana na mbingu kabisa, andika sifuri. Halafu chukua penseli, chora migongo ya safu, mstari tu, usiogope, hata ukitetemeka. Ila pale mgongo mmoja unapopita mbele ya mwingine, uonyeshe wa mbele unaendelea na wa nyuma unakatika. Hicho ndicho ninachokitaka kuliko vyote.

Utasema, si nipige picha nikurushie? Hapana. Simu inajifanya mjuaji, ikiona ukungu inausafisha, inakaza weusi, mlima unakuja tena kuanguka kitandani. Utasema pia treni ya umeme ipo, saa mbili hazifiki, si uje mwenyewe. Ningekuja. Nina mabango tisa ya shule moja yanayotakiwa kabla shule hazijafunguliwa, nusu ya malipo sijapewa, na nauli… tuyaache. Barua hii anakuletea shemeji yake Zai anayefuata nyanya, atapita kwako Jumanne na kurudi Alhamisi. Mpe majibu yeye.

Kitu kimoja zaidi. Kuna Mwingereza, Thomas Girtin, alichora mto Thames mwaka 1800, jioni, mji wote umezama kwenye kijivu, halafu ng'ambo kule kijumba kimoja kidogo cheupe na kivuli chake majini. Jicho linakimbilia pale moja kwa moja, linavuka mto mzima. Alikufa na miaka 27, masikini. Nilipoiona nikakumbuka kule mteremkoni juu ya Bigwa kulikuwa na nyumba ya bati jipya, asubuhi inamweka kama kioo, wewe ulikuwa unasema ni ya mchawi. Nataka niiache hapo karatasi tupu, doa moja tu. Mama Zai kwao ni upande huohuo.

Bado ipo? Au bati limeshika kutu? Inamweka saa ngapi, na ni upande wa kushoto wa lile korongo au wa kulia? Migomba ya jirani yako bado inaziba chini, au ameikata alivyokuwa anatishia? Siku hizi moto unachomwa kule juu, moshi unakaa wapi asubuhi? Mguu wa Mama Kulwa umepona? Na Chuma kweli amenunua pikipiki au ni maneno ya kijiweni? Wewe macho yako yenyewe yanaona mpaka safu ya ngapi? Usinidanganye, sote tumeshavuka hamsini.

Msalimie shemeji na watoto. Hicho kikaratasi kisipate maji, na usikishike na mikono ya ugali, bluu zote tano zitakuwa moja.

Wako,
Mussa wa mabango